Printa Yagoma Jorodom, Muuza Wino Aitwa Tapeli: Kumbe Mchezo Ulichezwa Usiku Watu Wamelala

Kuna maneno yakishatoka WhatsApp hayarudi, na "tapeli" ni mojawapo. Kijana mmoja anayeuza wino wa printa pale Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, aliitwa hivyo saa kumi jioni ya Jumanne moja ya Julai. Hadi saa mbili usiku wateja wawili walikuwa wameshafuta oda zao. Kosa lake lilikuwa katriji mbili za Sh18,000 kila moja, ambazo printa ya mdada mmoja wa Jorodom ilizikataa.

Cha kushangaza ni kwamba katriji zenyewe zilikuwa nzima. Printa nayo ilikuwa nzima. Na mdada hakuwa amegusa kitu chochote. Sasa nani alizingua? Hapo ndipo utamu ulipo, na kama una printa nyumbani au unafikiria kuanza ka-stesheneri ka sebuleni, soma hadi mwisho maana hii inaweza kukukuta wewe wiki ijayo.

Kwanza umjue mdada

Jorodom ipo chini kabisa ya Mlima Hanang, ule wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Asubuhi ukitoka nje mlima umekuinamia, na baridi yake huhitaji kusimuliwa. Mdada huyu zamani alikuwa na kibanda cha stesheneri karibu na soko la Katesh: kompyuta moja, printa kubwa ya tona, mashine ya kulaminishi, mambo yanaenda.

Halafu ikaja Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023. Baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ilimeguka, na tope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh, Jorodom, Gendabi na maeneo ya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Mdada na mama yake walitoka salama. Kibanda hakikutoka. Printa ilikuja kuonekana siku kadhaa baadaye, imejaa udongo hadi ndani kama chungu.

Siku zile za kufukua, kuna kijana aliyekuwa anauza kava za simu na chaji kibanda cha tatu kutoka kwake. Cha kwake kiliponea chupuchupu. Badala ya kukaa kulinda mali yake, aliingia kwenye tope hadi mapajani akamtolea mdada boksi lenye vyeti vyake vya shule. Vyeti vilikuwa vimelowa lakini vinasomeka. Huyo kijana ndiye baadaye alianza kuleta wino kutoka Arusha, na ndiye huyu aliyekuja kuitwa tapeli. Liweke hilo kichwani.

Kaka mtu, anayeishi Dar, ndiye aliyemwinua tena mdogo wake. Alimnunulia printa ya nyumbani iliyotumika, ile mitumba ya Dubai, akaituma kwa basi. Ikafungwa sebuleni kwa mama, juu ya kabati la vyombo, ikaunganishwa na laptopu kwa waya wa USB. Kazi ikaanza upya: barua za maombi ya kazi, fomu, mitihani ya majaribio ya walimu, picha za harusi. Ukurasa mmoja jero.

Hesabu ya wino ndiyo ilimpeleka kwa kijana. Katriji orijino ya printa ile, akiipata, aliuziwa Sh55,000. Kwa jero jero anatakiwa atoe kurasa 110 kwanza ndipo arudishe hela ya wino tu, karatasi na umeme bado. Katriji mbadala ilikuwa Sh18,000, yaani kurasa 36 na hela imerudi. Miezi saba akatumia mbadala bila tatizo. Maandishi safi, rangi nzuri, wateja wameridhika.

Jumanne yenyewe

Siku hiyo akaja dogo mmoja aliyemaliza kidato cha sita, ana fomu ya maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo. Wanaojua mchakato wanajua presha yake. Unajaza mtandaoni, unaprinti, unaipeleka serikali ya kijiji isainiwe, unamtafuta mdhamini, unaenda kwa mwanasheria, halafu unairudisha mtandaoni. Ukurasa mmoja ukifutika, unaanza kuzunguka upya.

Wino mweusi ulikuwa umeanza kufifia, hivyo mdada akachomoa katriji zote mbili, nyeusi na ya rangi, akaweka mpya alizonunua kwa kijana siku mbili nyuma. Akafunga kifuniko. Printa ikanguruma kidogo, ikanyamaza, taa ya njano ikaanza kuwaka na kuzima. Kwenye kioo ukatokea ujumbe kwamba katriji hizo zimezuiwa kwa sababu chipu yake si ya kampuni iliyotengeneza printa.

Akazima, akawasha. Vilevile. Akachomoa, akarudisha. Vilevile.

"Dada, nina miadi na mwanasheria saa nane," dogo akasema.

Akamwekea fomu kwenye fleshi, akampeleka kwa mshindani wake wa Katesh mjini. Ukishakuwa mfanyabiashara ndipo utajua uchungu wa kumwelekeza mteja wako kwenye duka la mwenzako kwa mdomo wako mwenyewe.

Jioni akamwambia kaka mtu. Kaka hakuchelewa kurudisha sauti: "Mdogo wangu, huyo kakupiga. Hizo ni feki. Mrushe kwenye status na namba yake uone kama hatarudisha hela leo leo."

Mdada akajibu kwa maneno machache tu: "Kaka, ngoja kwanza niangalie."

Kaka hakungoja. Akaandika mwenyewe kwenye grupu la ukoo lenye watu 60 na ushee, jina la biashara ya kijana likiwa limetajwa kabisa, na neno "tapeli" kwa herufi kubwa. Binamu mmoja akalihamishia kwenye grupu la wafanyabiashara wa soko. Ndiyo hizo saa kumi hadi saa mbili zilizotajwa pale juu.

Kijana anabisha hodi

Asubuhi ya Jumatano kijana akafika mwenyewe, kwa miguu, bila kupiga simu. Mama alikuwa nje anachuja maziwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pita, yupo ndani."

Mdada alitegemea maneno makali. Kijana akasimama mlangoni, kofia mkononi, akasema: "Dada, kama ni feki hela yako narudisha sasa hivi, hii hapa. Ila naomba kwanza nione printa inasemaje."

Sentensi hiyo ndiyo iliyookoa kila kitu, kwa sababu hao wawili wakaacha kubishana kuhusu mtu wakaanza kuuliza mashine. Walichofanya siku ile ndicho kila mwenye printa anatakiwa kukifanya kabla hajatupa wino wala kumtukana muuzaji.

Wakaanza na vitu vidogo. Je, kile kiplastiki kinachofunika sehemu ya wino kimetolewa chote? Kimetolewa. Namba ya katriji inaendana na printa? Inaendana. Kwenye ubavu wa kila katriji kuna kipande kidogo chenye vidoti vya rangi ya dhahabu. Hiyo ndiyo chipu, na vidoti vyake vinagusana na vidoti vingine ndani ya printa. Vumbi au alama ya kidole cha mafuta inatosha kuvuruga mawasiliano. Wakavifuta taratibu kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi. Wakachomoa printa kwenye umeme, wakasubiri dakika chache, wakawasha.

Taa ya njano, vilevile.

Ndipo kijana akauliza swali la maana: "Dada, zile za zamani umezitupa?"

Zilikuwepo, ndani ya mfuko wa nailoni. Ile ya rangi bado ilikuwa na wino mwingi tu. Jumapili jioni ilikuwa imetoka kuprinti picha za familia, nzuri kabisa. Wakazirudisha zote mbili.

Printa ikazikataa. Ujumbe uleule, neno kwa neno.

Hapo simama kidogo ufikirie. Katriji iliyofanya kazi Jumapili, Jumatano imeitwa haramu, na ndani yake hakuna kilichobadilika. Mzigo mpya wa kijana hauwezi kuwa sababu, maana hata mzigo wa zamani umekataliwa. Kilichobadilika kipo ndani ya printa.

Kwa uhakika zaidi wakafanya jaribio la pili. Kuna mwalimu mmoja wa jirani ana printa ya aina ileile, na huwa anaitumia kwa waya tu, haijawahi kuonja intaneti. Wakabeba zile katriji mpya, wakampigia hodi, wakaziweka. Printa ya mwalimu ikazipokea na kutoa ukurasa mweusi tii. Wino mzima, chipu nzima. Kijana akakaa chini kwenye ngazi ya mwalimu, hakusema kitu kwa muda.

Mchezo wa usiku

Jumapili ile ilikuwa ya wikiendi ya Saba Saba. Kaka mtu alikuwa amekuja nyumbani kusalimia, na zawadi aliyomletea mama ilikuwa rauta ndogo ya laini, ili mama aweze kupiga simu za video na wajukuu. Jioni hiyo akaona aongeze na utaalamu: akaunganisha printa na waifai, akapakua programu yake kwenye simu, ili mama aprinti picha moja kwa moja kutoka kwenye simu. Programu ikauliza maswali mengi kwa maandishi madogo. Mojawapo lilikuwa kama printa iruhusiwe kujipakulia masasisho yenyewe. Kaka akabonyeza kubali, kubali, kubali, kama sote tunavyobonyeza.

Jumatatu asubuhi akapanda basi kurudi Dar. Rauta ikabaki inawaka, na printa nayo ikabaki hewani. Usiku, watu wamelala, ikajipakulia programu mpya ya ndani, zile zinazoitwa apdeti. Walipofungua mipangilio Jumatano, tarehe ya apdeti ilikuwa pale pale kwenye kioo: usiku wa kuamkia Jumanne.

Yaani aliyemwita mwenzake tapeli ndiye aliyefungua mlango. Hakukusudia, lakini mlango aliufungua yeye.

Kwa nini printa inafanya hivi

Fikiria king'amuzi. Kinauzwa bei chee, wakati mwingine hadi unashangaa wanapata faida wapi. Faida ipo kwenye kifurushi cha kila mwezi. Printa nyingi za nyumbani zinauzwa kwa mtindo huohuo: mashine kwa bei ya chini, hela inarudi kwenye wino, miaka nenda rudi. Ukianza kununua wino kwa mtu mwingine, hesabu ya kampuni inaharibika. Ndipo chipu inapoingia kazini.

Wino wenyewe hauhitaji chipu ili ufike kwenye karatasi. Chipu inaiambia printa katriji ni ya aina gani, na inasaidia kukadiria wino uliobaki. Ila siku hizi ina kazi nyingine, ya kujitambulisha. Printa inauliza swali la siri, chipu inatakiwa kujibu. Watengenezaji wa katriji mbadala wanachunguza jibu na kuliigiza. Kampuni inatuma apdeti inayobadilisha swali. Wa mbadala wanatengeneza chipu mpya yenye jibu jipya. Paka na panya, kila siku.

Na hili halikuanzia Hanang. Tarehe 13 Septemba 2016, watu wengi duniani wenye printa za HP za familia ya OfficeJet waliamka wakakuta katriji zao mbadala zimekataliwa siku moja. Programu ya kuzikataa ilishaingia mapema, ikasubiri tarehe. Kelele zikawa nyingi, na kabla mwezi haujaisha HP ikaomba radhi kwa namna ilivyowasiliana na wateja, ikaahidi programu ya hiari ya kuondoa kizuizi hicho. Utaratibu wenyewe, ambao inauita ulinzi, haikuuacha. Hoja yake ni kwamba inalinda ubora wa kazi, usalama wa mashine na ubunifu wake. Desemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia ikaipiga faini ya euro milioni 10, ikisema wateja hawakuelezwa vya kutosha kuhusu vizuizi hivyo.

Kampuni nyingine, Lexmark, ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ikitaka kuzuia watu wasijaze upya katriji zake na kuziuza. Tarehe 30 Mei 2017 mahakama ikasema ukishauza kitu, haki yako ya hataza juu ya kitu hicho imeisha. Aliyenunua ni chake, akijaze, akiuze, ni juu yake.

Lakini kali kuliko zote ni ya Januari 2022. Dunia ilikuwa na uhaba wa chipu, na Canon ikajikuta inalazimika kuuza tona zake yenyewe bila chipu. Printa za wateja zikaanza kuonya kwamba tona hizo si halali. Tawi la Ujerumani ikabidi liwaelekeze wateja jinsi ya kuruka onyo hilo, na kuwahakikishia kwamba bila chipu kazi inatoka kama kawaida, ila kiwango cha tona huenda kisisomeke vizuri. Umeelewa? Kampuni yenyewe ikasema ondoa shaka, bonyeza endelea.

Feki na mbadala ni vitu viwili

Hapa wengi tunachanganya, na mkanganyiko huu ndio uliompaka kijana matope.

Feki ni katriji iliyotengenezwa na mtu mwingine halafu ikavalishwa boksi, nembo na jina la kampuni kubwa ili uuziwe kama orijino. Huo ni udanganyifu, na hapa Tanzania Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963.

Mbadala ni katriji yenye jina lake yenyewe, inayosema wazi kwenye boksi kwamba inafaa kwenye printa fulani. Hakuna aliyedanganywa. Kuna mbadala nzuri na kuna mbadala mbovu zinazovuja na kuziba kichwa cha printa, hilo halina ubishi, ndiyo maana unanunua kwa mtu unayemjua. Boksi la kijana lilikuwa na jina lake, na bei ilikuwa ya mbadala. Angekuwa tapeli angeandika orijino akauza Sh50,000.

Walivyojinasua

Kwanza waliingia kwenye mipangilio ya printa, wakazima masasisho ya kujiendesha. Wakaifuta waifai kabisa. Printa ikarudi kwenye waya wa USB kama zamani. Hiyo haikurudisha kilichopotea, kwa sababu programu mpya ilishaingia na toleo lile halikukubali kurudishwa nyuma. Baadhi ya printa zinakubali, baadhi hazikubali. Lakini angalau mlango ulifungwa.

Pili, wakaangalia kipengele cha kulinda katriji. Baadhi ya printa zikiwekewa katriji orijino huku kipengele hicho kimewashwa, zinaifunga katriji hiyo isifanye kazi kwenye printa nyingine tena. Wanaonunua katriji orijino zilizotumika na kujazwa upya wanakutana sana na hili. Mdada alikikuta kimewashwa, akakizima.

Tatu, wakageuza printa kusoma jina lake kamili kwenye lebo. Hili ni muhimu sana kwa wapenzi wa mitumba. Kuna printa za HP ambazo namba ya modeli inaishia na herufi ndogo "e". Hizo ziliuzwa na mpango unaoitwa HP+, na mwenye printa akishajiunga, anakuwa amekubali kutumia wino wa HP tu na printa kukaa kwenye intaneti muda wote. Mtu wa Ulaya akijiunga, akaichoka, ikapakiwa kwenye kontena, wewe wa Katesh unanunua mashine pamoja na ahadi ya mtu usiyemjua. Ya mdada haikuwa na mkosi huo. Ingekuwa nao, pengine angetafuta mashine nyingine.

Nne, kijana akampigia anayemuuzia jumla Arusha. Jibu likaja bila mshangao: apdeti hiyo anaijua, chipu mpya zimeshafika, tuma za zamani nikubadilishie. Zile mbili zikapanda basi siku hiyohiyo. Alhamisi jioni zikashuka mbili nyingine, boksi lilelile, bei ileile, tofauti ikiwa herufi moja tu kwenye lebo ya chipu. Nauli ya mzigo, Sh3,000 kwenda na Sh3,000 kurudi, kijana akalipa mwenyewe. Mdada alipotaka kumrudishia akakataa.

Taa ikawaka kijani. Ukurasa wa kwanza ukatoka.

Jina la mtu

Sasa ikabaki ile kazi ngumu ambayo haina apdeti. Printa ilikuwa imepona. Kijana bado alikuwa tapeli kwenye simu za watu.

Mdada alimpigia kaka yake akamweleza yote: katriji ya zamani, printa ya mwalimu, tarehe ya apdeti, rauta. Kaka akacheka kwanza, kile kicheko cha mtu anayetafuta pa kutokea. "Basi poa, si imeshafanya kazi? Yaishe."

Simu ilikuwa na sauti wazi, na mama alikuwa anasikia. Akainyoosha mkono, akapewa.

"Baba," akamwambia mwanawe, "jina la mtoto wa watu ulilitoa mbele za watu. Ulirudishe mbele za watu. Usimfuate pembeni."

Upande wa pili kukawa kimya. Kisha: "Sawa mama."

Usiku huo kaka akaandika kwenye grupu la ukoo. Si ule ujumbe wa "kama kuna mtu nimemkwaza". Alieleza kwamba yeye ndiye aliyeunganisha printa na intaneti, printa ikabadilishwa programu, wino ulikuwa mzima, na kijana hakuiba hata senti. Akataja jina la biashara yake kama alivyolitaja mwanzo. Binamu akaagizwa aupeleke ujumbe huo kwenye grupu la soko, akaupeleka. Neno "tapeli" lilipata majibu 40 na kitu siku ile. Ujumbe wa kulisafisha ulipata vidole gumba sita.

Mteja mmoja kati ya wale wawili alirudi. Wa pili, anayenunua wino kwa ajili ya ofisi yake, alishampata muuzaji mwingine Babati, na hajarudi hadi leo. Kijana anasema maisha yanaendelea, lakini tangu siku hiyo kila katriji anayouza anaitoa na karatasi ndogo aliyoiandika kwa mkono na kuitolea kopi: usiunganishe printa na intaneti kabla hujazima masasisho, ikikataa, rudisha ya zamani kwanza, ikiendelea kukataa, niletee na printa yako. Nani anamtolea kopi hizo? Mdada wa Jorodom, bure.

Na dogo wa mkopo? Fomu yake ilisainiwa kote na kurudi mtandaoni ndani ya muda. Alichapisha kwa mshindani, ila wiki iliyofuata alirudi kwa mdada kutoa kopi za vyeti.

Mdada sasa anadunduliza anunue printa ya tenki, zile unazomiminia wino wa chupa. Epson ilizitoa kwa mara ya kwanza Indonesia mwaka 2010, na wengine wakafuata. Mashine yenyewe bei juu, lakini wino wake unashuka sana kwa kila ukurasa. Yeye ameshaweka sharti lake kabla ya kununua: muuzaji aiwashe pale dukani, wafungue mipangilio pamoja, na amwonyeshe kila kitu ambacho mashine hiyo imekubali kwa niaba yake.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Ungekuwa ndiye kijana wa wino, umeitwa tapeli mbele ya soko zima halafu ukasafishwa kwa vidole gumba sita, ungemsamehe kaka mtu? Na yule mteja wa ofisi aliyehamia Babati, hasara yake nani ailipe? Fungukeni hapo chini.